Mtoto wa jicho kwa kichanga hasubiriwi akomae

Mama mmoja aliniletea binti wa miezi 7. "Daktari, niliambiwa nisubiri kwanza mtoto wa jicho akomae." Nikamulika: katikati ya mboni zote mbili, panapopaswa kuwa peusi, palikuwa peupe kama tui la nazi. Ndiye mtoto wa jicho: lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu. Nikatikisa funguo, akageuka. Nikampitishia mpira mwekundu kimyakimya mbele ya pua, wala hakushughulika nao. Macho yenyewe yalikuwa yakichezacheza, hayatulii.

Hilo neno "akomae" ni la upasuaji wa zamani, tena wa wazee. Babu alishajua kuona. Hata ukimtoa lenzi yenye ukungu baada ya miaka 5, ubongo wake bado unaijua kazi. Kichanga ndiyo kwanza anajifunza. Asipopata picha safi miezi ya mwanzo, ubongo unalisusa jicho, likawa jicho vivu, na uvivu huo hautibiki kwa kisu. Ndiyo maana aliyezaliwa na ukungu mzito tunataka kumpasua akiwa na wiki 6 hadi 8 hivi. Mapema zaidi ya hapo, hatari ya presha ya jicho huwa kubwa.

Chanzo? Wakati mwingine ni urithi, wakati mwingine rubela, ugonjwa wa virusi wenye vipele, iliyompata mama mimba ikiwa changa (daktari Norman Gregg wa Australia aliligundua hilo mwaka 1941), na mara nyingi hatukipati kabisa. Kijicho cha jirani hakimo.

Upasuaji hufanywa kwa nusu kaputi, na lenzi ya mtoto ni laini, inanyonywa tu. Kazi ni baadaye. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, la mtu mzima karibu 24, kwa hiyo mwenye miezi michache mara nyingi hatumwekei lenzi bandia; anavaa miwani minene inayobadilishwa kila jicho likikua. Aliyeugua jicho moja huzibwa lile zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kuona, na hapo ndipo bibi hunishinda: mjukuu akilia, kiraka kinabanduliwa.

Ukiona weupe kwenye mboni, hata kwenye picha ya simu, mlete wiki hiyohiyo. Unaweza pia kuwa saratani ya jicho, na hiyo inaua.

Yule binti sasa anavaa miwani iliyofungwa lastiki kisogoni. Macho bado yanacheza. Juzi aliunyakua mpira wangu mwekundu akautia mdomoni.