Merikins: kombania zilizogeuka vijiji

Kwetu merikani ni kitambaa: pamba nzito isiyopaushwa iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, ikafika hadi kutumika kama fedha kwenye misafara ya bara. Pamba ya viwanda hivyo ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Kwa hiyo nilipokuta kwamba kusini mwa Trinidad, kisiwa cha Karibi, kuna watu wanaoitwa Merikins, wazao wa watumwa waliotoroka Marekani, nilicheka. Ulimi wao umemeza A ileile tuliyoimeza sisi.

Kazi yangu ni mpunga wa nchi kavu, ule usiohitaji majaruba, na mpunga ndio ulionifikisha kwa watu hawa.

Aprili 2, 1814, Uingereza na Marekani zikiwa vitani, Admirali Alexander Cochrane alitoa tangazo: anayetaka kuhama Marekani atapokewa kwenye meli za Uingereza pamoja na jamaa zake, kisha achague kuingia jeshini au kupelekwa kwenye makoloni akiwa mlowezi huru. Neno "mtumwa" halimo, lakini wenyewe walijua wanaoitwa ni wao. Waliochagua bunduki walifundishwa katika kisiwa cha Tangier, Ghuba ya Chesapeake, wakaitwa Colonial Marines. Agosti 24 mwaka huohuo walikuwemo Bladensburg, jeshi la Marekani lilipotimuliwa na njia ya kwenda Washington ikabaki wazi.

Mimi sioni ukarimu wa Uingereza hapo. Ilitaka askari wanaozijua hori na njia za panya za Chesapeake, na ilitaka kumpokonya adui mikono inayomlimia. Hata wenye mashamba hawakuachwa mikono mitupu: mwaka 1826 Uingereza ilikubali kulipa dola 1,204,960, fidia ya watu iliowachukua.

Vita vilipokwisha kikosi kikapelekwa Bermuda, kikakaa miezi 14. Wakubwa wakataka kuwahamishia kwenye West India Regiments, vikosi vya watu weusi ambavyo kwa miaka mingi vilijazwa askari walionunuliwa sokoni. Wakakataa. Walikuwa wameahidiwa uhuru na makazi, na ahadi hiyo waliidai. Ndipo wakashushwa Trinidad, na Agosti 20, 1816 kikosi kikavunjwa.

Kuvunjwa ni kwenye makaratasi tu. Walipelekwa msituni, karibu na panapoitwa leo Princes Town, kila kaya ikapewa ekari 16, na wakapangwa vilevile walivyopangwa jeshini: kombania moja, kijiji kimoja, na mkuu wa kijiji ni sajenti au koplo. Fifth Company na Sixth Company mpaka leo ni majina ya vijiji. Hebu fikiri mtu akuulize kwenu wapi, umjibu "Kombania ya Tano".

Na walikuwa huru katika kisiwa ambacho utumwa ulikuwa bado halali. Sheria ya kuufuta ilianza kazi huko mwaka 1834. Kwa miaka 18 mtu wa Fifth Company alivuna cha kwake, huku kwenye mashamba ya miwa ya kisiwa hichohicho watu weusi wenzake wakilimia bwana.

Anayedhani ekari 16 za msitu ni zawadi hajawahi kushika shoka. Marehemu bibi yangu alilima mpunga milimani kule Matombo. Unafyeka, unaacha vikauke, unachoma, halafu unawahi mvua. Mmoja anatangulia na kijiti akitoboa mashimo, wa nyuma anadondosha punje chache na kufukia kwa kidole cha mguu. Visiki having'olewi, unapanda kati yake. Kisha unalinda ndege mpaka sauti inakauka. Kazi hiyo haiwezekani kwa watu wawili, mume na mke, hata wakiwa na nguvu za simba. Kule Trinidad watu huitana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba hupika. Wanaita gayap. Sisi tungesema ujima. Kwa maoni yangu kombania iliwasaidia zaidi kuliko ekari: walifika tayari wanajuana na wamezoea kuamka pamoja. Hati za ardhi nazo zilikawia hadi miaka ya 1840. Msomaji wangu wa Tanzania sina haja ya kumweleza hapo.

Sasa mpunga. Mwaka 1790 Thomas Jefferson aliletewa mbegu ya mpunga wa nchi kavu kutoka pwani ya Guinea, akaisambaza hadi Georgia. Mapema mwaka 1815 jeshi la Uingereza liliweka kambi kisiwa cha Cumberland, hukohuko Georgia, na watoro wa mashamba ya huko wakamiminika; baadhi yao ndio walioishia Trinidad. Mpunga wa milimani kusini mwa Marekani ulikuja kutoweka mashambani. Halafu mwaka 2016 mpishi B.J. Dennis, mtu wa Charleston, akaukuta Moruga, Trinidad, kwenye vilima vya wajukuu wa Merikins, ukilimwa bila mtu kuushangaa. Wanauita hill rice.

Nilipoonyeshwa picha ya suke lake, nilitazama ndevu kwanza. Ni ndefu, nyekundu, za kumkera ndege. Bibi angeuchagua huohuo.