Oblasti ya Magadan: Eneo Kubwa, Watu Wachache

Oblasti ndiyo aina ya mkoa iliyo ya kawaida zaidi katika Shirikisho la Urusi. Inaongozwa na gavana na ina bunge lake la mkoa, lakini haina katiba wala lugha rasmi ya kwake, mambo ambayo jamhuri kama Tatarstan na Sakha zinayo. Tofauti hiyo ya kisheria, hata hivyo, haielezi mengi kuhusu maisha ya wakazi, na oblasti ya Magadan iliyo kaskazini-mashariki kabisa mwa nchi ni mfano mzuri.

Magadan ina ukubwa wa kilomita za mraba 462,464, yaani inaizidi kidogo Uswidi, lakini sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo watu 136,085 tu. Hiyo ni chini ya mtu mmoja kwa kila kilomita tatu za mraba, na hata wastani huo unapotosha, kwa kuwa theluthi mbili ya wakazi wote wanaishi katika mji mkuu, unaoitwa pia Magadan, kwenye ghuba ya Nagayev katika Bahari ya Okhotsk. Nyuma ya pwani kuna milima na bonde la mto Kolyma, unaotiririka kuelekea kaskazini hadi Bahari ya Aktiki. Huko ndani sehemu kubwa ya ardhi haiyeyuki mwaka mzima, na baridi ya Januari hushuka chini ya nyuzi hasi 40. Reli haijafika. Bidhaa nyingi huingia kwa meli, na barabara kuu ni ile ya Kolyma, yenye urefu wa kilomita 2,000 hivi hadi Yakutsk.

Kabla ya karne ya 20 eneo hili lilikaliwa hasa na wenyeji kama Waeveni, wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Kilichobadilisha hesabu ya watu ni dhahabu. Mwaka 1931 serikali ya Kisovieti iliunda shirika la Dalstroy, ambalo lilichimba madini na kujenga barabara hiyo kwa nguvu za wafungwa wa kambi za kazi ngumu, na wengi wao walifia huko. Oblasti yenyewe ilianzishwa Desemba 1953, miezi michache baada ya kifo cha Stalin. Tangu hapo watu walivutwa kwa mishahara yenye nyongeza ya kaskazini na pensheni ya mapema.

Idadi iliyojengwa kwa fedha za serikali haikuweza kusimama zilipokatwa. Mwaka 1989, ukiiondoa Chukotka iliyojitenga baadaye, mkoa ulikuwa na watu wapatao 390,000. Leo imebaki takriban theluthi moja. Kadykchan, mji wa wachimba makaa ya mawe, ulikuwa na wakazi kama 10,000 katikati ya miaka ya 1980. Baada ya mlipuko wa mwaka 1996 mgodi ulifungwa, wakazi wakahamishwa, mfumo wa kupasha nyumba joto ukazimwa, na sasa maghorofa yake yamebaki matupu.

Dhahabu na fedha bado vinachimbwa kwa wingi, ila mashine zimechukua nafasi ya mikono, na wachimbaji wengi huja kwa zamu kutoka mikoa mingine kisha hurudi makwao, kwa hiyo uzalishaji unaweza kupanda huku idadi ya wakazi ikiendelea kushuka.