Queen's Park: timu ya ridhaa haikuwa timu dhaifu

Wapenzi wengi wa kandanda wakisikia "timu ya ridhaa", yaani timu isiyolipa wachezaji wake, hufikiria moja kwa moja timu ya wasiojua mpira. Historia ya Queen's Park ya Glasgow, Uskoti, inapinga dhana hiyo.

Klabu hii ilianzishwa Julai 1867. Tarehe 30 Novemba 1872, Uskoti ilipocheza na Uingereza mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa, wachezaji wote 11 wa Uskoti walitoka Queen's Park. Matokeo yalikuwa 0-0. Waingereza walikuwa wazito kuliko wao na walizoea kukimbia na mpira kila mtu kivyake. Waskoti wakawazuia kwa kupigiana pasi, na mtindo huo ndio uliokuja kutawala soka duniani. Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko kombe lolote.

Na makombe yapo pia: Kombe la Uskoti mara 10, la mwisho mwaka 1893. Andrew Watson, mchezaji mweusi mzaliwa wa Guyana, alikuwa beki wao, na mwaka 1881 aliiongoza Uskoti kama nahodha kuichapa Uingereza 6-1 jijini London.

Kilichoishusha ni pesa. Malipo yalihalalishwa Uskoti mwaka 1893, wao wakakataa kulipa wachezaji hadi wanachama walipopiga kura kubadili msimamo mwaka 2019. Hata hivyo, Andy Robertson, bingwa wa Ulaya na Liverpool, aliwachezea msimu wa 2012/13 bila mshahara.