Giyuri: maana ya mtu kuingia Uyahudi

Biblia ya Kiswahili inapokataza kumwonea mgeni, "kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri", neno la Kiebrania lililofasiriwa "mgeni" ni *ger*. Katika Torati, ger ni mtu wa kabila jingine aliyekuja akakaa kati ya Waisraeli. Karne nyingi baadaye marabi walilisoma neno hilohilo kwa maana ya mtu aliyeingia Uyahudi, na kitendo chenyewe kikaitwa giyuri. Asili hiyo ya ugeni na ukaazi inaeleza mengi: giyuri ni kupokelewa katika taifa na ukoo, na imani inakuja humohumo ndani.

Ndiyo maana haifanyiki peke yako chumbani. Inataka *bet din*, mahakama ya watu watatu. Mtu anaweza kushika Sabato, kuacha nguruwe na kusali kwa Kiebrania kwa miaka 20, na kwa sheria ya Kiyahudi, halakha, bado si Myahudi kama hakupita mbele yao. Aliyepita akarudi alikotoka, kwa kauli ya Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale, ni Myahudi mkosaji, lakini ni Myahudi.

Utaratibu umeandikwa katika Talmudi, sehemu ya Yevamot 47. Mtu anaulizwa: umeona nini hata ukaja? Hujui kwamba Israeli siku hizi wanateswa? Akijibu kwamba anajua, naye hastahili, anapokelewa palepale. Anafundishwa baadhi ya amri nyepesi na baadhi ya nzito, hasa haki za maskini: masazo ya mavuno, mganda uliosahauliwa, pembe ya shamba. Maandiko yanaonya asielemewe kwa maneno mengi. Leo mambo ni marefu zaidi. Mafunzo huchukua mwaka au zaidi, ili mwanafunzi apitie mzunguko mzima wa sikukuu.

Kisha mwanamume hutahiriwa. Na aliyekwisha kutahiriwa jandoni au hospitali? Hatahiriwi upya. Hutolewa tone moja la damu pale palipokatwa, kwa nia ya agano, mashahidi wakiangalia. Akipona anaingia majini. Mwanamke huanzia hapo kwenye maji.

Maji hayo ni mikve, bwawa la kuzama kwa utakaso, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kipimo ni seah 40, seah ikiwa kipimo cha kale cha ujazo. Marabi hawakubaliani seah ni lita ngapi, kwa hiyo wajenzi huweka lita 750 au zaidi ili kukwepa ubishi. Maji yawe ya mvua, chemchemi au bahari. Yaliyotekwa kwa ndoo hayahesabiki, na simtanki halifai hata likijazwa na mvua yenyewe, maana ni chombo. Shimo lazima lichimbwe au lijengwe ardhini. Panapohitajika maji ya bomba, bwawa la kuogea huunganishwa na hazina ya mvua kwa tundu lenye upana wa mdomo wa kiriba, kipimo cha Mishna (mkusanyiko wa sheria za marabi ambao Talmudi inaufafanua), yaani vidole viwili vinavyoweza kuzunguka ndani yake.

Anayejua josho la janaba ataelewa upesi sharti la maji kufika kila mahali, ila huku kumwagia hakutoshi. Mwili wote huzama kwa pamoja, na nywele pia. Sabuni na kuchana nywele ni kabla. Pete, hereni, rangi ya kucha, plasta ya kidonda na nywele za bandia vyote huondolewa. Kishungi kikielea juu, josho limeharibika, anarudia. Mwanamke husimamiwa na wanawake, majaji wakikaa nje ya mlango.

Wengi huuliza: mbona Ruthu hakupita haya? Alisema tu, "watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu." Marabi waliona katika sentensi hiyo kiapo kizima, na taifa limetajwa kabla ya Mungu. Tatizo lao lilikuwa jingine: Kumbukumbu la Torati 23 inamzuia Mmoabi asiingie katika mkutano wa Bwana, naye Ruthu ni Mmoabi, bibi mzaa babu wa Daudi. Walijibu kwa sarufi: Kiebrania kimeandika Mmoabi wa kiume, basi wa kike haguswi. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuiona hoja hiyo, kwa kuwa "Mmoabi" wetu hana jinsia.

Mfano wa karibu uko Mbale, Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyefika kwenye Agano la Kale kwa kusoma Biblia, alijitahiri yeye na wanawe, na jamii ya Abayudaya ikaanza. Walishika amri kwa vizazi, wakavumilia marufuku ya Idi Amin. Bet din ya marabi wa tawi la Kihafidhina, lisiloshika sheria kwa ukali kama Waorthodoksi, iliwafanyia giyuri mamia yao mwaka 2002. Baadhi, hasa wa kijiji cha Putti, waliona haitoshi, wakatafuta mahakama ya Kiorthodoksi.

Ubishi huo unafika hadi Israel. Sheria ya Kurejea, inayompa Myahudi haki ya uraia wa Israel, kwa marekebisho ya 1970 inamtambua kama Myahudi aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyefanya giyuri, asiye wa dini nyingine. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikubali, kwa ajili ya uraia, hata giyuri za Kihafidhina na za Reform, tawi lililo huru zaidi, zilizofanyika ndani ya nchi. Ndoa za Wayahudi nchini humo ziko mikononi mwa Marabi Wakuu, nao ni Waorthodoksi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kupata pasipoti kama Myahudi, kisha akakataliwa ofisi ya ndoa.

Jina, angalau, halina utata. Anapoitwa kwenye usomaji wa Torati sinagogini, aliyefanya giyuri, asiye na baba Myahudi, huitwa fulani bin Abrahamu, au binti Abrahamu. Mishna moja ilimzuia asiseme "Mungu wa baba zetu" katika sala. Obadia, aliyeingia Uyahudi, alimwandikia Maimonides, rabi mkubwa wa sheria wa karne ya 12, kumuuliza, akajibiwa aseme kama wengine wote, bila kubadili neno.