Je, wajua kwa nini Datsun 240Z, gari lililojaa barabarani, leo linapiganiwa minadani?

Januari 2020, kwenye mnada wa mtandaoni nchini Marekani, Datsun 240Z ya mwaka 1971, ya rangi ya kijani, iliuzwa kwa dola 310,000. Gari la aina hiyo lilipokuwa jipya, Mmarekani alilipa dola 3,500 na kidogo juu yake.

Kwa Ferrari ya zamani tungeelewa haraka. Ferrari 250 GTO za injini ya lita tatu zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, na Novemba 2023 gari moja la ukoo huo lilinunuliwa mjini New York kwa dola milioni 51.7. Magari machache, matajiri wengi, hesabu imeisha. Lakini Datsun Z za kizazi cha kwanza, ukijumlisha 240Z na ndugu zake 260Z na 280Z, zilitoka kiwandani zaidi ya laki tano kufikia 1978. Kitu cha wingi huo kinageukaje kuwa hazina?

Kwa maoni yangu, wanaohesabu magari yaliyotengenezwa wanahesabu upande usio wenyewe. La kuhesabu ni yaliyosalia, na katika yaliyosalia, yale ambayo hayajaguswa. Halafu kuna jambo la pili, kubwa zaidi: gari hupanda thamani kwa yale liliyoyafanya mbele ya macho ya watu. Kwa 240Z, sehemu kubwa ya hayo ilifanyika kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki.

Tuanze na kuzaliwa kwake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani aliyetaka gari la spoti na mwenye fedha zake alinunua Jaguar E-Type au Porsche 911. Asiye nazo alinunua MG au Triumph ya Mwingereza, gari dogo la wazi, mara nyingi lenye injini ya silinda nne. Katikati palikuwa patupu. Aliyeuona upenyo huo ni Yutaka Katayama, mkuu wa Nissan, kampuni iliyotengeneza magari ya Datsun, nchini Marekani, mtu aliyependa magari kwa moyo wake wote na aliyeishi hadi miaka 105. Kule Japani, wabunifu waliokuwa chini ya Yoshihiko Matsuo walichora gari la milango miwili lenye boneti ndefu, kabini iliyosukumwa nyuma na paa linaloteremka taratibu hadi mkiani. Lilitambulishwa Oktoba 1969. Kwao liliitwa Fairlady Z. Katayama aliona jina hilo halitauza Marekani, akaagiza libandikwe 240Z.

Chini ya boneti palikuwa na injini ya lita 2.4, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kabureta mbili, na nguvu za farasi 151 kwa hesabu ya kiwanda. Kila gurudumu lilikuwa na springi na shokapu yake, likipanda na kushuka bila kulivuta la upande wa pili. Vitu hivi vyote vilipatikana pia kwa Wazungu, ila kwa bei ya juu zaidi. Siri moja ya urahisi wa 240Z ilikuwa benki: hadi 1971 dola moja ilibadilishwa kwa yeni 360 bila kupanda wala kushuka, hivyo bidhaa ya Japani ilifika Marekani ikiwa nafuu mno. Wanunuzi walipanga foleni, na wauzaji wengine waliongeza bei yao juu ya ile iliyotangazwa.

Sasa njoo kwetu. Mbio za magari za Safari (Safari Rally) zilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi zilikimbiwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza kuharibu barabara. Zaidi ya kilomita 5,000 katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye barabara zilezile za mabasi na malori: vumbi, mawe, mito iliyofurika, ng'ombe, usiku na mchana. Magari mengi yalianza na machache yakamaliza. Watengenezaji wa Ulaya na Japani waliitamani Safari kwa sababu hiyo hiyo. Lililotoka salama huku halikuhitaji maneno mengi kwenye tangazo.

Nissan walikuwa wameanza kujaribu bahati yao hapa tangu 1963. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda pamoja na msaidizi wake Hans Schüller wakiwa na Datsun 1600 SSS, sedani ya kawaida kwa kuitazama. Mwaka uliofuata wawili hao walirudi na 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, wakashinda tena. Nyuma yao, nafasi ya pili, alikuwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao wakiwa na 240Z. Gari la spoti lenye tumbo karibu na ardhi lilikuwa limewapiga wote mahali ambapo watu walitegemea lipasuke.

Kisha 1973, mwaka ambao mashindano ya dunia ya rally yalianzishwa na Safari ikawa mojawapo ya mbio zake. Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa amehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia, alimaliza akiwa na alama za adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Saa na saa za kukimbia, maelfu ya kilomita, halafu sare! Waamuzi walirudi nyuma kwenye karatasi kuona nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Alikuwa Mehta na 240Z yake. Angeshinda Safari mara nne nyingine, kuanzia 1979 hadi 1982 mfululizo, na rekodi hiyo ya ushindi mara tano haijawahi kupitwa.

Gari lililoshinda 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Japani. Marekani nako kulikuwa na ushahidi wa aina yake: timu ya Peter Brock, dereva akiwa John Morton, ilitwaa ubingwa wa taifa wa daraja lake 1970 na 1971. Mvulana aliyetazama mbio hizo akiwa na miaka kumi na miwili hakuwa na hela ya kununua chochote. Miaka thelathini au arobaini baadaye alikuwa nayo. Ndivyo soko la magari ya kale linavyokwenda karibu kila mahali: bei hupanda pale kizazi kilichoyatamani magari hayo utotoni kinapofika umri wa kuwa na akiba, na kila kizazi huja na magari yake.

Lakini kizazi hicho kilipofungua pochi, magari yalikuwa wapi? Kutu ilishayala. Bati la 240Z lilikuwa jembamba na kinga yake hafifu, na katika majimbo ya baridi barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Kutu ilianzia chini ya betri, ikaingia sakafuni, ikatafuna chesisi kimyakimya huku rangi ya nje ikingali inang'aa. Yaliyopona kutu yalianguka mikononi mwa vijana miaka ya 1980, yaliponunulika kwa bei ya kutupa. Wakayatoboa matao ya magurudumu ili yaingie matairi mapana, wakang'oa injini na kufunga V8 za Kimarekani. Siwalaumu, gari la spoti liliundwa lichezewe. Ila matokeo yake ni kwamba 240Z iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani ni chache sana. Ile ya dola 310,000 ilikuwa imetembea maili 21,000 hivi tu katika karibu nusu karne.

Nissan wenyewe walilitambua hilo mwishoni mwa miaka ya 1990. Walikuwa wamesitisha kuuza Z mpya Marekani, wakaanza kununua 240Z kuukuu, kuzitengeneza upya na kuziuza kwa takriban dola 25,000. Watu walishangaa bei hiyo. Zilitoka makumi machache tu kabla mpango haujafungwa.

Anayenunua leo hutazama nini? Kwanza namba. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Marekani, usukani kushoto, namba yake ya chesisi huanza na HLS30. La usukani kulia lililouzwa nje ya Japani huanza na HS30. Namba ya injini nayo ilingane na ile iliyo kwenye kibati. Kisha mlango wa nyuma: matoleo ya mwanzo kabisa yana matundu mawili ya hewa chini ya kioo, na hayo ndiyo yanayotafutwa zaidi. Ya 1973 huwa na bei ndogo kidogo, kwa kuwa kabureta zake, zilizobadilishwa ili kutimiza sheria za moshi za Marekani, zilisumbua injini ikipata joto. Japani kuna toleo liitwalo Z432, lenye injini ya Skyline GT-R, gari jingine la Nissan, lililotengenezwa mara 420 hivi. Bei zake ni dunia nyingine, na ndiyo maana waghushi hawalali.

Watunzaji hubishana kama gari kuukuu lipakwe rangi upya au liachwe na makovu yake. Mimi niko na wa pili. Rangi mpya inaweza kupakwa siku yoyote, lakini ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi.

Mvuto mwingine haumo kwenye karatasi wala mnadani. Usukani wa 240Z hauna msaada wa mota, kwa hiyo unahisi kokoto kwenye viganja. Hakuna kompyuta inayokusahihishia breki. Injini huvuta kwa sauti nzito inayopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, na kilo zake zinazozidi elfu moja kidogo tu huifanya iingie konani kwa wepesi ambao magari mengi ya kisasa, yaliyobeba vifaa vya kila aina, yameupoteza.

Na si gari la kufungiwa ghalani. Tangu 2003, miaka hamsini baada ya Safari ya kwanza, kuna mbio za magari ya kale zinazopita tena Afrika Mashariki, na Datsun za ukoo wa Z zimekimbia humo bega kwa bega na Porsche 911 na Ford Escort. Zinaweza, kwa sababu injini yake ni ya ukoo wa L, ambao Nissan waliufunga pia kwenye sedani zao na hata kwenye Patrol. Fundi aliyewahi kuzifungua injini hizo anaifungua ya 240Z bila kubabaika, na spea zake nyingi bado zinapatikana. Mwenye 250 GTO akivunja kitu, kifaa chake huenda kikabidi kichongwe upya kwa mkono.