Je, wajua mtangazaji wa Detroit alijuaje kwao ni wapi kila aliyedaka mpira?

Katika besiboli, mpira ukipigwa vibaya ukaangukia jukwaani, haurudishwi. Shabiki anayeuwahi huenda nao nyumbani, na mchezo huendelea kwa mpira mwingine. Ernie Harwell, aliyetangaza mechi za Detroit Tigers, timu ya jimbo la Michigan huko Marekani, kwa misimu 42, alizoea kuongeza jambo dogo hapo redioni: mpira huo umechukuliwa na bwana mmoja wa Saginaw. Ukija mwingine, umedakwa na mtu wa Ypsilanti. Alijuaje?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba kulikuwa na watu jukwaani wakimpelekea habari, au kwamba mzee yule, kwa kukaa miaka mingi Detroit, aliwajua mashabiki kwa sura. Watoto wengi wa Michigan walikua wakiamini hivyo. Lakini hebu pima. Mpira unatua, watu wanaurukia, mmoja anaibuka nao juu, na mtangazaji ameshataja mji. Nani angewahi kumuuliza shabiki kwao ni wapi, kisha apande hadi chumba cha matangazo? Tiketi nayo haikuandikwa mji wa mwenye kuikata.

Alikuwa anabuni tu. Alipoulizwa hakuficha. Huenda mara mojamoja alipatia, maana wengi waliojaa uwanjani walitoka Michigan hiyohiyo, lakini hiyo ingekuwa bahati.

Kwa nini basi hakuna aliyeona amedanganywa? Fikiria vipindi vya salamu vya redio. Unatuma kadi, unakaa karibu na spika siku nzima, majina ya watu usiowajua yanapita, na bado husogei, kwa sababu linalofuata laweza kuwa lako. Hata likitajwa la mtu wa kijiji jirani, mnachangamka nyumba nzima. Harwell aliendesha salamu zisizo na kadi. Msikilizaji wa mji mdogo, aliye mbali na uwanja, ghafla alisikia mji wake uko ndani ya mchezo. Na tukio lenyewe lilikuwa si kitu: mpira uliopotea hauongezi hata alama moja. Jina la mji liliupa mpira mahali pa kwenda. Baadhi ya mashabiki walifikia kumwomba autaje mji wao.

Ujanja huu ungekufa kwenye televisheni, ambako kamera ingemwonyesha mdakaji na fulana yake ya Chicago.

Cha ajabu, mgawaji huyu wa miji hakuwa mtu wa Michigan. Alizaliwa Georgia mwaka 1918, na utotoni ulimi wake ulikuwa mzito. Alifika ligi kuu mwaka 1948 kwa njia ambayo hakuna mtangazaji mwingine aliyeipitia: Brooklyn Dodgers walimtaka, klabu ya Atlanta aliyokuwa akiitangazia ikadai malipo, na malipo yakawa mchezaji, mdakaji Cliff Dapper. Detroit alianza kazi mwaka 1960. Kila msimu mpya aliufungua kwa maneno ya Wimbo Ulio Bora: majira ya baridi yamepita, mvua imekwisha, sauti ya hua inasikika nchini.

Mwaka 2009, miaka saba baada ya kustaafu, aligundulika ana saratani isiyoweza kufanyiwa upasuaji. Jioni ya Septemba 16 mechi ilisimama kidogo katika uwanja wa Tigers, Comerica Park, ili aseme na watu. Hakulalamika. Alisema Mungu amemjalia safari njema, na baraka yake ni kwamba itamalizikia Michigan, kisha akawashukuru mashabiki kwa uaminifu wao. Safari hii mahali hapakuwa pa kubuni. Alifariki Mei 4, 2010, akiwa na miaka 92, na jeneza lake likawekwa uwanjani hapohapo. Maelfu walipanga foleni kupita mbele yake, na hao kwa hakika walitoka miji ya Michigan.