Je, wajua kwa nini kazi ya saikolojia huweka mwaka ubavuni mwa jina la mwandishi?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale chuo kikuu, Tunguu, Zanzibar, akipewa kazi yake ya mwanzo ya saikolojia ya elimu, huambiwa ataje marejeleo kwa mtindo wa APA, yaani wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Mara nyingi maelezo huishia hapo. Atahangaika na koma na mabano usiku kucha bila kuelezwa kwa nini mwaka unakaa ndani ya sentensi, ilhali jina la kitabu linangoja ukurasa wa mwisho.

Sababu ni kwamba katika saikolojia umri wa utafiti ni sehemu ya ushahidi. Chukua ule utafiti maarufu wa watoto na peremende. Mwaka 1990, Shoda, Mischel na Peake waliandika juu ya watoto waliosoma chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford: walioweza kusubiri ili wapate peremende ya pili walielekea kufanya vizuri zaidi ujanani katika mtihani wa kuingilia vyuo. Walimu wengi wamelifundisha hilo. Mwaka 2018, Watts, Duncan na Quan walilichunguza upya kwa watoto zaidi ya 900, wakaukuta uhusiano huo mdogo kuliko ulivyodhaniwa, na ukapungua zaidi walipozingatia hali ya nyumbani kwa mtoto. Sasa soma sentensi hii: "Tafiti zinaonesha kuwa mtoto mwenye subira hufaulu." Haikuelezi kitu. Lakini ukikuta mabanoni (Shoda na wenzake, 1990), unajua papo hapo kuwa mwandishi hajafika 2018.

Utaratibu huu wa kuweka jina na mwaka kwa kawaida huhusishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala juu ya koa. Wanasaikolojia walichapisha mwongozo wao wa kwanza mwaka 1929, kurasa saba tu. Toleo la saba, linalotumika sasa, lilitoka 2019, na ndilo lililoruhusu waandishi watatu au zaidi waandikwe "na wenzake" tangu wanapotajwa mara ya kwanza.

Kosa ninaloliona zito kuliko koma iliyopotea ni kumtaja usiyemsoma. Umesoma habari za Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, katika kitabu cha mtu mwingine, au katika notisi za mhadhiri zinazozunguka WhatsApp, kisha unaandika (Vygotsky, 1978) kana kwamba kitabu chake kimepita mikononi mwako. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tangu utotoni tunajua uzito wa sanadi: hadithi ya Mtume haisimuliwi bila kusemwa nani kaipokea kwa nani. Basi andika kuwa Vygotsky ametajwa na fulani, na katika marejeleo uweke kitabu cha huyo fulani peke yake. Bora zaidi, kitafute cha asili.

Majina yetu nayo huleta mkanganyiko. APA hutanguliza jina la ukoo, na Wazanzibari wengi jina letu la tatu ni la babu. Usimpangie mwandishi ukoo. Fuata jina lilivyochapishwa: la mwisho litangulie, mengine yawe herufi za mwanzo.

Na mazungumzo je? Ukimuuliza mtaalamu jambo kwa simu ukalitumia, mtaje ndani ya maandishi pamoja na tarehe kamili, useme ni mawasiliano binafsi. Kwenye orodha ya marejeleo haingii, kwa sababu msomaji hawezi kwenda kuyasoma mazungumzo hayo popote. Uliowahoji kama washiriki wa utafiti wako ni suala jengine kabisa: hao hawatajwi kwa majina, kwani uliwaahidi siri. Hapa visiwani kuficha jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "mkunga mstaafu wa shehia fulani ya Micheweni, mwenye miaka 61", Pemba nzima imeshamjua. Andika "mkunga mmoja wa Pemba", na umri wake utaje kwa makundi, kama miaka 60 hadi 69.